Mzee Aliyeficha Majina

Mama yangu hawezi kumtaja yule mzee bila kusonya. Anasonya kwanza, halafu anasema "yule mzee mbaya," halafu anaendelea na kazi yake. Nimeacha kumjibu. Mimi nilimjua miaka kumi na moja, nikamchapia madaftari yake yote, tukagombana karibu kila wiki, na haki ya Mungu sijaona mtu mwingine aliyejua kunitia hasira kama yeye. Lakini mbaya? Ngojeni niwaeleze.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kabla ya kufika kwa watu wa forodha. Wateja wangu ni watu wa haraka: dereva wa lori na fomu yake, mama wa Kenya anayetaka kopi ya kitambulisho huku mizigo yake iko juani. Yeye hakuwa na haraka. Aliingia siku moja na begi la kitambaa, akapangusa kiti kwa leso, akaketi, akatoa daftari, akaniuliza kama najua kuweka mkato.

"Mkato gani, Mzee?"

"Huu wa kuandika. Watu wengi wa mashine hawaujui."

Nilitaka kumwonyesha mlango. Sikumwonyesha kwa sababu nilikuwa nimelifungua lile daftari na macho yangu yalikuwa yameshashika mstari mmoja: mwanamke amesimama mbele ya korti ya gombolola, yaani ya kata, zamani za mkoloni, anasema hataki kurithiwa na shemeji yake, na kama ng'ombe za mahari zinadaiwa, basi wamdai aliyezila. Nikacheka peke yangu. Nikamwambia, "Acha daftari, Mzee. Rudi kesho."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mwanahistoria, na hakuandika habari za machifu wala za wazungu. Aliandika habari za watu wa kawaida waliopeleka kesi zao kortini au waliopelekwa: wajane, wafinyanzi, wachukuzi waliokataa kubeba mzigo wa bwana mkubwa siku ya kulima kwao. Alitaka kujua walidai haki gani, kwa maneno gani, na walipata nini. Mjini walimwita Mzee wa Kesi. Vijana wa boda walikuwa wakimwona wanapiga kelele, "Mzee wa Kesi, leo nani ameshinda?" na yeye anajibu bila kugeuka, "Karani!"

Hilo la karani lilikuwa jambo lake. Alisema mtu wa kwetu alilia kwa Kidhopadhola, karani akaandika kwa Luganda kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kisha mzungu akatafsiriwa kwa Kiingereza, akagonga muhuri. "Sasa mimi," alisema, "nakula chakula ambacho wameshakitafuna watu wawili." Kwa hiyo kila neno alilitilia shaka. Karani akiandika kwamba mwanamke "alinyamaza," mzee anakuuliza: alinyamaza, au alisema kitu karani akaona uvivu kukiandika? Swali kama hilo lingeweza kumchukua asubuhi nzima, na mimi wateja wamejaa mlangoni.

Aliandika kwa penseli tu. Kalamu ya wino haikuruhusiwa karibu na karatasi za zamani, na yeye alikuwa ameizoea ile sheria hata sokoni anaandika orodha ya vitunguu kwa penseli. Alitembea na penseli tatu na raba moja iliyokatwa nusu. Akisoma nilichochapa, penseli inatangulia mbele ya jicho, na akikuta mkato umekosekana anapiga kijiduara na kuvuta pumzi kana kwamba nimemkanyaga. Mara moja alirudisha kurasa arobaini kwa ajili ya mkato mmoja. Nilimwambia, "Mzee, hawa watu wamekufa. Hawataujua." Akaniangalia. "Ndiyo maana," akasema.

Msimfanye malaika lakini. Mtu aliyejua haki za watu wote waliokufa hakuweza kutetea kiti alichokalia yeye mwenyewe. Akienda kwenye ile ofisi ya zamani ya gombolola kusoma madaftari ya kesi, karani kijana aliyeshika ufunguo wa stoo anamwambia rudi Jumanne. Anarudi Jumanne, anaambiwa rudi Ijumaa, naye anasema asante. Alibeba kigoda chake mwenyewe kwa sababu waliwahi kumnyima kiti. Mpakani alikuwa anafungua begi kabla hajaulizwa. Siku moja nilimwona afisa mmoja, umri wa mjukuu wake, akimmwagia madaftari juu ya meza kutafuta sijui nini, na mzee amesimama mikono nyuma kama mtoto wa shule. Nilitoka kibandani nikamfokea yule afisa mpaka akayapanga mwenyewe. Mzee alinikasirikia siku mbili nzima. "Unataka nikaandikwe?" aliniuliza. Alikuwa na hofu ya kuandikwa, yeye aliyetumia maisha yake yote kusoma walioandikwa.

Na alikuwa mgumu nyumbani. Mke wake, ambaye nilikutana naye mara mbili, aliniambia kwamba mumewe anawajua wajane arobaini na wanne kwa majina lakini hajui viatu vyake yeye ni namba ngapi. Alisema akicheka, ila si kicheko cha raha.

Majina, basi. Hapo ndipo tulipogombana.

Katika madaftari yake hakuna jina hata moja. Kuna Mchukuzi wa 7, kuna Mfinyanzi wa 3, kuna Mjane wa 12, kuna Mjane wa 31. Nilimuuliza mwanzoni kabisa kwa nini, akasema ni sheria yake. Baadaye sana, siku ya mvua tulipokwama wawili kibandani, akanieleza ilikotoka. Alipokuwa bado kijana katika kazi hii alisoma maandishi yake mbele ya watu katika ukumbi mmoja wa kanisa Tororo, akataja jina la mwanamke aliyemshtaki mumewe kwa kipigo. Aliona anamsifu. Kumbe ukoo wa yule mwanamke ulikuwa katikati ya mazungumzo ya ndoa ya binti yao, na wale wa upande wa bwana harusi waliposikia, wakasema hawachukui binti kutoka nyumba ya kesi. Ndoa ikavunjika. Mzee alikwenda kuomba radhi. Hawakumfungulia. Alisimama nje ya ua ule tangu asubuhi hadi saa saba mchana, halafu akatembea kwa miguu kurudi mjini.

"Nilikuwa na ukweli wote mkononi," aliniambia, "na nikamvunjia mtu nyumba."

Tangu hapo majina aliyaweka kichwani tu. Kila asubuhi akija alikuwa ananung'unika kitu kwa midomo, na miaka mingi mimi nilidhani anasali rozari.

Sasa nije kwetu. Mama yangu anaishi Petta, kwenye shamba la mama yake. Nyanya yangu alifiwa na mume akiwa bado kijana, shemeji yake akataka kumrithi, akakataa, shemeji akampeleka kwenye korti ya gombolola ili aondoke kwenye ardhi ya ukoo. Hii ndiyo hadithi iliyotulea. Mama alikuwa mtoto wa miaka kama sita. Anakumbuka nyanya akirudi kutoka kortini kwa miguu, bila kusema neno na mtu, akachukua jembe lake ukutani, akaingia shambani. Ndipo watoto wakajua kwamba ameshinda. Hakuondoka tena pale mpaka alipozikwa hapo hapo, na mama alipoachana na baba yangu alirudi pale, na yeye hajaondoka.

Shamba la mama halikai tupu. Majirani wanamtania kwa hilo. Mtama haujavunwa, yeye ameshachomeka mihogo katikati ya mistari. Mihogo haijang'olewa, maharagwe yamo. Ukimuuliza anasema, "Mama yangu alinikataza kuacha udongo mtupu hata wiki moja." Niliwahi kumhadithia mzee hilo, kama kichekesho tu. Hakucheka. Aliuliza maswali mengi: tangu lini, hata mwaka wa njaa, hata alipougua? Nilidhani anapenda kilimo.

Na mwaka ule nilipochapa kesi ya Mjane wa 31, moyo wangu uliruka. Mjane aliyekataa kurithiwa. Shemeji aliyetaka shamba. Korti ikasema abaki yeye na watoto wake, mpaka kwenye chemchemi. Shamba letu linaishia kwenye chemchemi! Nikamkimbilia mzee na karatasi. "Huyu ni nyanya yangu!"

Akaichukua karatasi, akaitazama muda. "Kuna chemchemi nyingi," akasema, akapiga kijiduara kwenye mkato.

Niliacha. Nilijua sheria yake, na nilijiona mjanja: jina sikupewa, lakini nalijua.

Halafu Mjomba akafungua kesi. Yeye ni mtoto wa yule shemeji wa zamani, binamu wa mama, mtu mpole wa maneno laini, nami nimekula kwake tangu utoto. Alikuja na mpimaji na kamba. Akasema ardhi ni ya baba yake, nyanya aliachiwa alime tu kwa huruma, na sasa ameipatia mnunuzi. Mama akamjibu mbele ya watu wote, "Baba yako alishindwa kortini na mama yangu, na wewe utashindwa na mimi." Hakimu wa Tororo alisikiliza, akaandika, akasema kama kesi hiyo ya zamani ipo, iletwe.

Ipo wapi? Stoo ya gombolola ilikuwa imeshavuja, mchwa wameingia, na karatasi zilizobaki mtu alizitoa zikaenda kufungia njugu sokoni. Mzee alikuwa anazunguka Tororo akinunua njugu, anawagawia watoto njugu zenyewe, anabaki na karatasi. Alipata kurasa sita tu. Alipokuwa akinieleza machozi yalimtoka, na mimi nilitazama pembeni kwa sababu sikujua mzee kama yule huliwazwa vipi.

Kwa hiyo ushahidi uliobaki duniani ulikuwa madaftari yake, na madaftari yake yalisema Mjane wa 31. Lilihitajika neno moja tu kutoka kwake.

Akakataa.

Nilimbembeleza. Nilimpigia magoti, nikamfokea, nikamwambia, "Umewafanyia kazi wajane waliokufa miaka yote hii, huyu aliye hai humwoni?" Akakusanya penseli zake akaondoka. Nililia mchana ule kibandani mpaka mteja mmoja akaniuliza nani amefariki.

Mama akasema ataenda mwenyewe. Akavaa gomesi yake ya kanisani, akachukua kuku, tukapanda gari mpaka Lumino, nyumbani kwa mzee. Aliingia, akapiga magoti kusalimia kama tunavyosalimia wazee kwetu, akaeleza kila kitu kwa upole ambao mimi sina. Mzee hakumtazama usoni hata mara moja. Mama alipomaliza, mzee akasema, "Mama, nenda ukapande."

"Nikapande?"

"Nenda ukapande. Usiache shamba."

Mama akasimama. Kuku alimwacha pale, kwa sababu zawadi hairudishwi, lakini njia nzima alikuwa anasonya. "Ananiambia mimi nikapande! Mimi niliacha lini? Wewe uliona wapi mzee mbaya namna hii?" Nami nikamuunga mkono, tena kwa maneno makali kuliko yake.

Miezi miwili baadaye mke wa mzee akanipigia simu. Mumewe ameugua, upande mmoja umelegea, anataka nije na kompyuta na mashine ya kutolea nakala. Ilikuwa Jumatatu, na Alhamisi ilikuwa siku yetu ya korti. Nilikwenda nikiwa nimefura. Nilijiambia nitachapa anachotaka, nitaondoka, sitamwamkia zaidi ya inavyobidi.

Nilimkuta kwenye kiti barazani, shuka miguuni, amekuwa mdogo. Hasira yangu ilipungua kidogo, nikachukia kwamba imepungua.

"Andika," akasema. Ulimi ulikuwa mzito lakini maneno yalieleweka. "Wajane. Wa kwanza."

Akataja jina. Akasema wa pili, akataja jina. Nikaelewa anafanya nini. Alikuwa anaendelea bila kusita, kwa ile sauti ya chini niliyoisikia kila asubuhi miaka kumi na moja nikiiita rozari. Nilitaka aruke afike thelathini na moja. Wa tisa. Wa kumi. Wa kumi na moja.

"Wa kumi na mbili," akasema, akataja jina la nyanya yangu. Jina lake la kuzaliwa, na jina la mumewe, na kilima chetu.

"Hapana, Mzee. Wa thelathini na moja."

"Wa thelathini na moja ni mwanamke wa karibu na Osukuru. Wajukuu zake wapo."

Nikaanza kufungua mafaili kwenye kompyuta, natafuta. Mjane wa 12. Nilikuwa nimeichapa mwenyewe mwaka wa kwanza, ukurasa mmoja tu, na kilichonisumbua siku ile kilikuwa mkato. Korti yaona shamba ni la ukoo wa marehemu. Mjane alipoulizwa kama ana la kusema, alisema mtama bado haujaiva. Korti yaamuru aondoke mavuno yatakapokwisha.

Alishindwa. Nyanya yangu alishindwa, akatembea njia yote ile peke yake na hukumu kichwani, akafika, akachukua jembe. Mavuno yatakapokwisha! Na hayakuisha. Alipanda kitu kingine katikati kabla ya kuvuna, na kingine, na kingine, mpaka akazeeka, mpaka yule shemeji akafa, na akamfundisha binti yake vivyo hivyo bila kumwambia ni kwa nini.

Nililia tena, safari hii mbele yake. Nilikuwa na aibu. Nilimwambia, "Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekuwa unajua," akasema. "Mtu anayejua huapishwa. Mimi pia wangeniapisha, ndiyo maana sikwenda. Mjomba wako yule angeipata hukumu ya baba yake bure."

"Na mama amekutukana."

"Amenitukana vizuri," akasema, na upande mmoja wa mdomo ukacheka.

Tukaendelea hadi arobaini na nne. Nilipochapa nakala na kile kiprinta changu kidogo, namba kumi na mbili nilikuwa nimeiacha mstari mtupu. Sikumwambia. Nilimpa karatasi, akaisoma kama zamani, penseli mbele ya jicho. Ikafika pale, ikasimama. Mtu aliyerudisha kurasa arobaini kwa ajili ya mkato! Kisha kwa mkono ule uliobaki na nguvu akaandika jina la nyanya, herufi moja moja, kwa penseli.

"Usiniharibie orodha," akasema. Akaikunja, akanikabidhi. Kisha akatoa raba yake ya nusu mfukoni, akaiweka juu ya karatasi.

Alhamisi hakimu, ambaye mama alikuwa ameshamtajia madaftari ya mzee, aliuliza kama kuna mtu mwenye majina ya wale wajane waliomo. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, mkoba pajani, karatasi iko ndani. Mjomba alikuwa upande wa pili, ananitazama. Mama akanipiga kiwiko.

"Simama basi," akaninong'oneza. "Wasomee, wajue mama yangu alishinda."

Nikamwambia mzee amekataa. "Unamjua alivyo, Mama."

Akasonya, korti nzima ikasikia.

Hakimu alikwenda kuliona shamba kwa macho yake. Aliliona kaburi la nyanya, akawasikiliza wazee waliosema hawajawahi kuona ardhi ile bila mazao wala bila huyu mama, akaamua abaki. Mjomba anasema atakata rufaa. Siku hizi akipita kibandani ananiuliza kwa upole kama yale madaftari ya mzee bado ninayo.

Tulimzika Lumino wakati wa palizi. Mama alikataa kuja. Nilitoka mazikoni nikaenda moja kwa moja Petta, nikamkuta katikati ya mtama ambao hata haujachanua, ameinama, anachomeka vijiti vya muhogo.

"Mmemzika yule mzee mbaya?"

"Tumemzika."

"Na majina yake?"

"Amekwenda nayo."

Akasonya. Akakandamiza udongo kwa kisigino, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama.

"Haya, nipe kijiti kingine."

Nikampa.